Watoto Wawili, Mtumbwi Mmoja

Mke wangu ndiye aliyeifungua ile barua pepe ya uhamiaji, kwa sababu mimi nilikuwa ndiyo nimetoka kazini na mikono imejaa grisi. Aliisoma kimya, akarudi juu akaisoma tena, kisha akanitazama vile wauguzi wanavyowatazama ndugu wa mgonjwa. Na kweli yeye ni muuguzi.

"Hawajakataa," akasema. "Ila wanataka uthibitisho kwamba mama ni mama yako."

Nilicheka. Nilikuwa nimesubiri miaka mitano jina langu lichaguliwe miongoni mwa watu wanaoomba kuwaleta wazazi wao Kanada, na lilipochaguliwa hatimaye nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Sikuwa nimefikiria cheti changu cha kuzaliwa. Kilitolewa nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa kiapo cha marehemu baba mbele ya hakimu, kwa sababu daftari la ubatizo la misheni yetu liliungua vitani na hakuna karatasi nyingine iliyobaki. Afisa aliyelisoma faili letu alitaka moja kati ya mambo mawili: hati ya wakati ule nilipozaliwa, au kipimo cha vinasaba, changu na cha mama.

"Basi rahisi," mke wangu akasema. "Wewe unapanguswa ndani ya shavu kwa pamba hapa, mama anapanguswa kule. Kwisha."

Nikaenda kunawa. Nikanawa muda mrefu kuliko grisi yenyewe ilivyohitaji. Tulikuwa na miaka kumi na saba ya ndoa, na kuhusu kuzaliwa kwangu kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia.

*

Nilizaliwa Septemba mwaka wa sabini na nane, kijijini kwetu kaskazini mwa mto Kagera, kwenye kile kipande cha Tanzania kilicho kati ya mto na mpaka wa Uganda. Wiki hiyo hiyo jirani yetu, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa migomba yetu, naye alijifungua mtoto wa kiume. Mkunga alikuwa yule yule mmoja. Kwa wote wawili, mama yangu na jirani, huyo alikuwa mtoto wa kwanza. Watu walikuwa wakiwatania kwamba wamezaa mapacha kwenye nyumba mbili.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tangu Agosti alikuwa Bukoba, kusini mwa mto, akisoma kozi ya walimu. Alipata ruhusa ya siku mbili kuja kunibatiza, akarudi masomoni.

Mwishoni mwa Oktoba, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wakiwa ndiyo wanaanza kuanguka, jeshi la Uganda lilivuka mpaka. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa, na redio ya upande ule ikatangaza kwamba kuanzia sasa mpaka ni mto. Kwa hiyo baba akawa anaishi Tanzania, na mimi na mama, bila kutoka nyumbani kwetu, tukawa tunaishi nchi nyingine. Mto ule ule ambao watu walikuwa wakiuvuka kwenda sokoni na kurudi kabla ya chakula cha mchana, sasa ulikuwa na bunduki kila upande.

Mume wa jirani alipigwa risasi zizini kwake alipojaribu kuwazuia askari wasichukue ng'ombe. Walipokwisha kumzika, wale wanawake wawili wakaondoka pamoja, kila mmoja na mtoto wake mgongoni. Walitembea siku tatu, wakikwepa barabara. Walipofika kwenye mafunjo ya mto mama alikuwa na homa kali, hajitambui vizuri. Mtu mmoja mwenye mtumbwi akakubali kuwavusha alfajiri. Mama hakuweza kukaa wima, basi jirani akawapakata watoto wote wawili, na mama akalazwa chini, kwenye maji yaliyokuwa yakiingia ndani ya mtumbwi. Tangu hapo hakumbuki kitu.

Ng'ambo ya pili wanajeshi wetu waliwapakia kwenye lori. Mama alipelekwa hospitali, akakaa wiki tano. Jirani alipelekwa pamoja na watoto kwenye shule moja ya msingi iliyojaa wakimbizi kutoka kila kijiji, watu wasiojuana. Mwanamke mmoja, watoto wawili, maziwa ya mtu mmoja. Kisha kuhara kukaingia pale shuleni, na mtoto mmoja akafa.

Baba alipowapata, mtoto aliyebaki alikuwa kifuani kwa jirani, ananyonya. Jirani alisimama, akamkabidhi, akasema, "Mwalimu, mwanao huyu hapa."

Haya yote hayana ubishi. Maneno yalianza watu waliporudi kijijini mwaka uliofuata, wakakuta nyumba hazina mabati na mazizi hayana ng'ombe. Huyo mjane, watu walisema, amebaki na nini? Hana mume, hana mfugo, hana hata mlango. Mwalimu ana mshahara. Ingekuwa wewe, ungemwacha mwanao afe njaa kwako, au ungempa mtu atakayemsomesha? Wakasema mtoto aliyekufa ni wa mwalimu, na aliyekabidhiwa ni wa mjane, na mjane amechagua kuumia peke yake ili mwanawe aishi. Wengine walilisema hilo kwa dharau, lakini wengi, nadhani, walilisema kwa heshima. Ni hao wa heshima waliolifanya lidumu.

Mimi nilisikia nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa tunagombania mpira wa majani ya migomba na mvulana mmoja wa darasa langu, nikamwangusha, akainuka na vumbi mdomoni akasema, "Nenda kwa mama yako! Si huyo wa nyumba ya pili!" Wenzetu wote walinyamaza. Nikajua kwamba wote walikuwa wanajua.

Nilimuuliza baba. Aliweka chini kalamu yake nyekundu, akasema, "Wewe ni mtoto wa nyumba hii." Kisha akaendelea kusahihisha madaftari. Hata kwa miaka tisa niliona kwamba hilo halikuwa jibu la swali langu.

Mama sikumuuliza. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisimuulize, lakini kila mazungumzo yalipokaribia mtoni, yeye alikumbuka kitu jikoni.

Na yule jirani, niliyemwita mama mdogo, hakusaidia. Nilikuwa nikipita kwake kila siku nikitoka shule, naye ananipa ndizi ya kuchoma, au senene waliokaangwa wakiwa msimu wao, halafu anakaa kwenye kigoda na kunitazama nikila mpaka nimalize. Hakuwa akisema lolote. Baadaye aliolewa tena, akapata mabinti wawili, na wao hakuwa akiwatazama hivyo. Nilipofaulu kwenda sekondari alilia kuliko mama. Kila mtu aliona.

*

Haya yote nilimweleza mke wangu siku ile ya barua, tukiwa mezani, ghorofa ya kumi na moja, dirishani yakionekana majengo mengine ya mtaa wetu wa Jane na Finch, Toronto, yaliyofanana na letu kama ndugu. Kazi yangu ni fundi wa lifti, na baadhi ya majengo yale nayahudumia mimi. Ni rahisi kwangu kueleza kwa nini lifti imekwama. Hili lilinichukua saa nzima.

Mke wangu hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Karatasi haiwezi kumfanya asiwe mama yako."

"Ubalozini watasema hivyo?"

"Hapana," akakubali. "Kule watamnyima viza."

Binti yetu wa miaka kumi na nne alikuwa sebuleni. Huyu anaelewa Kiswahili chote, hata kile ambacho hatutaki akielewe, ila hujibu kwa Kiingereza. Akauliza kwa lugha yake kitu kilichomaanisha: sasa hiyo itabadilisha nini, si atabaki kuwa bibi? Nikamwambia ndiyo, atabaki. Akarudi kwenye simu yake, ameridhika. Nilimwonea wivu.

Kilichoniogopesha hakikuwa viza peke yake, wala haikuwa mimi nitakuwa nani. Mtu wa umri wangu ameshakuwa. Nilimwogopea mama. Kama karatasi ingesema hapana, basi mtoto wake wa kwanza alikuwa amezikwa uwanjani mwa shule tangu mwaka ule, na yeye hajawahi kumlilia hata siku moja. Ningempigia simu mwanamke wa miaka sitini na nane, kutoka Toronto, na kumpa msiba.

Nilimpigia Jumamosi. Nilijaribu kulipitisha jambo lenyewe kama mambo mengine ya ofisini: kuna fomu, kuna picha za pasipoti, na kuna kipimo kidogo, mama, wanachukua mate tu.

"Kipimo cha nini?" akauliza.

"Cha kuonyesha kwamba mimi ni mwanao."

Upande wa pili nilisikia jogoo, na mtu anayepita na pikipiki. Kisha mama akasema kuna chungu jikoni, na simu ikakatika.

Hakupokea kwa siku nane. Dada yangu, mdogo wangu wa pekee, ambaye yuko Dar es Salaam, aliniambia mama ni mzima, anakwenda shambani, anakwenda kanisani, ila amekuwa mkimya. Nilimwambia mke wangu tuachane na maombi haya. Mama anaweza kubaki kwake, nasi tutakuwa tunamtembelea. Mke wangu akasema, "Mwache amalize kufikiri. Huyu mama ana akili kukuzidi."

Siku ya tisa simu yangu iliita nikiwa ndani ya gari la kazi, nimeegesha nje ya jengo moja huko Lawrence Heights. Alikuwa mama, na hakusalimia.

"Ikisema siyo, utafanya nini?"

"Mama, wewe ni mama yangu. Hilo halina—"

"Sikuulizi hilo, mwanangu. Hilo najua. Nakuuliza, yule niliyemzaa nitamwomba nani msamaha kwamba sikumlilia?"

Nje watoto walikuwa wakiteleza kwenye barafu mbele ya lango, wakianguka na kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mama kuniambia kwamba naye alikuwa akilifikiria jambo hili.

"Ulikuwa hujui?" nikauliza taratibu. "Uliponiona, uliporudi kutoka hospitali?"

"Nilikuacha una wiki sita. Nimerudi una miezi mitatu, umenyolewa nywele, umekonda kama kijiti. Nilisema ndiye. Lakini mtu anayetaka kitu namna ile si shahidi mzuri." Akapumua. "Na yeye nilishindwa kumuuliza. Ningemuuliza nini? Nimwambie, mwenzangu, huyu aliyekufa ni wako kweli? Na kama angesema hapana, angekuwa na haki ya kukuchukua. Basi nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka nimezeeka."

"Tuache basi, mama."

"Hapana. Nitapima. Nimechoka."

*

Dada alimpokea Dar es Salaam baada ya safari ndefu ya basi, akampeleka kwa daktari aliyeruhusiwa kuchukua vipimo vya namna hiyo. Mimi nilichukuliwa changu kwenye kliniki moja karibu na chuo kikuu, dakika tano, na kijana aliyenipangusa shavu alinitakia siku njema. Tukaambiwa tusubiri wiki kadhaa.

Nilikuwa mtu mbaya wa kukaa naye wiki hizo. Nilikuwa nikisimama mbele ya kioo cha bafuni nikikagua masikio yangu. Nilimtafuta baba kwenye picha, nikapata pua yake, kisha nikakumbuka kwamba nusu ya wilaya yetu wana pua ile. Nilimkumbuka yule mama mdogo akinitazama nikila, na sasa niliona kwenye macho yake kila kitu ambacho moyo wangu ulitaka kuona. Siku moja nilijikuta nafikiri kwamba kama ni yeye, basi nimekwenda Kanada nikamwacha bila hata kumuaga vizuri. Siku nyingine nilimkasirikia. Mke wangu alianza kunipa kazi ndogo ndogo za nyumbani, kurekebisha makabati ambayo hayakuwa na tatizo.

Majibu yalikuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo la ghorofa ishirini na mbili, pamoja na mwenzangu, mzee wa Kireno anayekaribia kustaafu. Tulikuwa tunabadilisha breki. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaona jina la maabara, nikamwambia mwenzangu nahitaji dakika moja. Alinitazama usoni akazima mtambo bila kuuliza.

Nilikaa juu ya sanduku la vifaa. Barua ilikuwa na kurasa tatu, na nilizipita zote nikitafuta sentensi moja. Ilikuwa chini kabisa. Ilisema kwamba mwanamke aliyetoa sampuli ya kwanza ndiye mama mzazi wa mwanamume aliyetoa sampuli ya pili.

Niliisoma mara nne. Nikamfikiria yule mvulana mwenye vumbi mdomoni. Halafu nikaanza kulia kama mtoto, na kamasi juu. Mzee wa Kireno alidhani nimefiwa. Akaniwekea mkono begani, akasema pole.

"Hapana," nikamwambia. "Ni mama. Ni mama kweli."

Hakuelewa hata kidogo, na alifurahi sana.

Nilimpigia mama pale pale. Kule ilikuwa jioni, anapalilia maharage nyuma ya nyumba. Nilimwambia, "Mama, ni wewe." Alisema asante Mungu, akarudia, akarudia, na nikasikia jembe likianguka. Nadhani alikaa chini ardhini. Tulikaa hivyo, yeye analia Kagera na mimi Toronto, kwa muda ambao sijui ni mrefu kiasi gani.

Kisha sauti yake ikabadilika.

"Basi yule wa shuleni alikuwa wake," akasema. "Amekaa miaka yote hii na mtoto wake kaburini, na mimi namtilia shaka. Nakwenda kwake."

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi."

*

Kilichotokea huko nilikisikia kesho yake, kutoka kwao wote wawili. Mama alinipigia kwa video akiwa kwenye kibaraza cha jirani, na mjukuu wa jirani aliwashikia simu. Walikuwa wamekaa mkeka mmoja. Jirani alikuwa amezeeka kuliko mama, meno ya mbele hayapo, kitambaa cheupe kichwani. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Umenenepa."

Mama akamwambia, "Mwambie yale uliyoniambia jana."

"Nimwambie nini? Yeye ni mtu mzima, anajua."

"Hajui. Hakuna aliyekuwa anajua. Mwambie."

Yule mama akanyoosha miguu yake, akaivuta khanga mpaka magotini. "Mwanangu alikufa asubuhi, siku ya nne ya kuhara," akasema. Alizungumza bila haraka, kama anayesimulia habari za shamba. "Nilimwosha mwenyewe. Nilimzika mwenyewe nyuma ya jiko la shule, mlinzi akanisaidia kuchimba. Wewe nilikuwa nimekufunga mgongoni, unalia unataka kunyonya. Nilipomaliza kumfukia nikakaa pale pale nikakunyonyesha, kwa sababu maziwa yalikuwa yanauma. Sasa mtu atamzika mtoto wake asimjue?"

"Kwa nini hukuniambia?" mama akamuuliza, ingawa ni dhahiri alikuwa ameshamuuliza jana.

"Si nilimwambia mwalimu, mwanao huyu hapa? Ulitaka niseme mara ngapi?" Akageuka kumtazama mama. "Na wewe hukuwahi kunitajia mwanangu hata siku moja. Nikasema moyoni, mwenzangu ana huruma, hataki kunitonesha. Nami nikasema nisimkumbushe, asije akaona haya kwamba wa kwake ndiye aliyepona."

Mama alijifunika uso kwa viganja.

Nilimuuliza kama hakuwahi kuyasikia maneno ya watu.

"Niliyasikia. Masikio ninayo."

"Na ukawaacha waseme?"

Yule mjukuu alichoka mkono, picha ikayumba, nikaona paa la bati na anga, kisha uso wake ukarudi.

"Baba," akasema, "mtoto wangu hakufikisha hata miezi mitatu. Hana picha, hana cheti, baba yake alishakufa. Hakuna aliyekuwa anamkumbuka. Walipokuwa wakisema vile, angalau kuna watu walikuwa wanasema mtoto wangu yu hai, anasoma, amefaulu. Nikawaacha. Nilipokuwa nakutazama ukila, nilikuwa nampima. Nasema, leo naye angekuwa kimo hiki. Leo angekuwa anavunja sauti. Sikukutaka wewe. Wewe una mama yako."

Nilimshukuru. Neno lilikuwa dogo mno, nikalisema hivyo hivyo. Nilimwambia kwamba ningekufa pale shuleni bila maziwa yake. Alitikisa kichwa, akasema maziwa ni ya Mungu, na akaniuliza kama huko Kanada napata ndizi za kupika.

Wiki mbili baadaye wote wawili walikwenda kwenye ile shule. Jiko la zamani lilikuwa limebomolewa na mahali pake pana madarasa mapya, lakini yule mama alihesabu hatua kutoka kwenye kona ya ofisi ya mwalimu mkuu, akasimama kwenye nyasi kati ya madarasa na uzio, akasema ni hapa. Mwalimu mkuu, kijana, hakujua chochote kuhusu wakimbizi, na aliwavulia kofia. Padri aliwaombea. Walipanga mawe. Mama alilia siku hiyo kwa sauti, mbele ya wanafunzi, msiba ambao hakuulilia wakati wake; dada, aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kuwasindikiza, aliniambia kwamba jirani ndiye aliyemshika mkono. Na walimtaja mtoto kwa jina lake. Mimi sikuwahi kulisikia kabla ya hapo.

*

Viza ya mama ilitoka miezi mitano baadaye. Alifika Toronto mwezi wa Mei, amevaa sweta tatu, na alishangaa kukuta watu wamevaa kaptula. Binti yangu alimkumbatia uwanja wa ndege, akamwambia "Shikamoo, bibi" bila kukumbushwa, na njia nzima ya kurudi nyumbani mama alimsimulia habari za basi, za ndege, na za mzungu aliyelala begani kwake kutoka Amsterdam. Binti alijibu kwa Kiingereza. Walielewana vizuri sana.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi: upweke, baridi, kanisa, vyakula. Kanisa tulilipata, misa ya Kiswahili mara moja kwa mwezi, na huko alipata wanawake wa kupika nao. Ndizi alizitukana wiki ya kwanza akazizoea wiki ya pili. Lililonishangaza ni simu.

Kila asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, mama anampigia jirani yake. Kule ni mchana, yule mama amekaa kibarazani. Kwa miaka arobaini na zaidi wanawake hawa wawili waliishi hatua mia mbili mmoja kutoka kwa mwingine, wakakopeshana chumvi, wakazikiana waume, na hawakuwahi kuzungumza habari za kuvuka mto. Sasa hawazungumzi jingine. Na hawakubaliani hata jambo moja.

"Mvua haikuwepo siku ile," mama anasema, simu imeegemezwa kwenye birika.

"Ilikuwepo! Wewe ulikuwa na homa, ungeijuaje?"

"Nilikuwa nimelala ndani ya mtumbwi naangalia juu. Nani anaona mvua zaidi ya aliyelala chali?"

"Maji uliyolalia yalikuwa ya mvua, siyo ya mto. Na yule mwenye mtumbwi ulimtapikia miguuni."

"Sikumtapikia."

"Mrefu vile, akaruka kama mbuzi."

"Alikuwa mfupi! Mfupi, na ana kipara."

Mke wangu anapita na kikombe chake, amevaa sare za kazini, anatabasamu. Binti anatafuta kiatu, lakini nimeona kwamba siku hizi hutafuta polepole, anasikiliza, na juzi aliniuliza kama bibi anaweza kuja darasani kwao kusimulia, yeye atatafsiri. Nilimwambia amuulize mwenyewe. Alimuuliza, kwa Kiswahili, na mama akasema atakwenda, mradi yule wa kwenye simu awepo pia, maana kuna sehemu yeye mwenyewe alikuwa amezimia.

Asubuhi ya leo walikuwa wamefika kwenye lori. Jirani anasema lilikuwa la kijani. Mama anasema hata kama alikuwa hajitambui, lori la kijani angelikumbuka. Nilifunga buti zangu, nikachukua sanduku la vifaa, nikawaaga wote wawili. Hakuna aliyenisikia. Nilivuta mlango taratibu nikawaacha wanabishana.